Kulenga, kuonyesha, kumulika: msamiati wa vilengeo, leza na taa za bastola ya kujihami

Muhtasari

Bastola inayowekwa nyumbani au kuchukuliwa mwilini kwa ajili ya kulinda uhai aghalabu huongezewa kifaa kimoja au zaidi kati ya vitatu: kilengeo, leza na taa. Katika mazungumzo ya kawaida vyote vitatu huelezwa kwa kitenzi kimoja, kulenga, na kwa jina moja, shabaha. Mazoea hayo hayafai katika tafsiri. Kilengeo humsaidia mpigaji kulenga, leza humwonyesha mahali mdomo wa bastola unakoelekea, na taa humulika kilicho gizani. Nyuma ya vitendo hivyo vitatu kuna cha nne ambacho hujificha kwa urahisi katika sentensi, nacho ni kuelekeza silaha. Mfasiri anayevichanganya anaweza kubadili maana ya mwongozo wa usalama, au hata ya ushahidi mahakamani.

Muktadha

Maandishi mengi yanayoshauri namna ya kuchagua vifaa hivi hutoka Marekani. Marekebisho ya Pili ya Katiba ya nchi hiyo, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanataja haki ya wananchi ya kuwa na silaha. Mwaka 2008, katika kesi ya District of Columbia v. Heller, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi, na kwamba inahusu pia kuweka bastola nyumbani kwa ajili ya kujihami. Kwa hiyo miongozo, matangazo ya biashara na mafunzo kuhusu bastola za raia ni mengi huko. Wapo pia wasemaji wengi wa Kiswahili wanaoishi Marekani, hasa waliotoka Kongo, na wakalimani huwasaidia katika vituo vya polisi, mahakamani na darasani.

Afrika Mashariki umilikaji wa silaha kwa raia huhitaji leseni. Tanzania inao mwongozo wake katika Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya katika Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Wachache humiliki bastola, na kwa sababu hiyo msamiati wa vifaa vyake haujaenea. Istilahi zinazopendekezwa hapa chini zimeundwa kwa kanuni za kawaida za lugha au zimechukuliwa kutoka katika matumizi yaliyopo.

Kujihami na maana zake mbili

Kujihami kuna maana ya kujilinda dhidi ya shambulio. Ndiyo maana ya msingi, na ndiyo inayokusudiwa katika bastola ya kujihami. Lakini katika habari za magazeti na redio kitenzi hiki kimepata maana ya pili, yaani kuwa na silaha. Msomaji hukutana na sentensi kama: Majambazi waliojihami kwa bunduki walivamia duka. Hapo waliojihami ndio washambuliaji.

Kwa hiyo sentensi Alikuwa amejihami kwa bastola haitoshi katika hati ya kisheria, kwa kuwa haielezi kama mtu huyo alikuwa akijilinda au alikuwa na silaha tu. Inafaa kusemwa wazi: Alikuwa na bastola, au Alitumia bastola kujilinda. Kujikinga hufaa zaidi kwa mvua, jua na maradhi. Kujitetea huelemea upande wa hoja na maneno, ingawa watu huitumia pia kwa mapambano ya mwili.

Shabaha na kilengeo

Shabaha ni neno lenye asili ya Kiarabu. Katika Kiswahili cha leo linabeba maana tatu: kitu kinacholengwa, ustadi wa kulenga (Ana shabaha kali), na kusudi. Baadhi ya wasemaji huliongezea maana ya nne, yaani kile kifaa kilicho juu ya bunduki kinachosaidia kulenga. Maana hiyo ya nne huleta utata.

Mfano mzuri ni kanuni nne za usalama zinazofundishwa sana Marekani, ambazo mpangilio wake hunasibishwa na mwalimu Jeff Cooper (1920–2006), mwanzilishi wa shule ya Gunsite huko Arizona. Kwa muhtasari, kanuni hizo zinataka kila silaha ichukuliwe kuwa ina risasi. Mdomo wake usielekezwe kwa kitu ambacho mwenye silaha hayuko tayari kukiharibu. Kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka vilengeo viwe vimekaa juu ya kinacholengwa. Na mpigaji awe na hakika ya anachokilenga pamoja na kilicho nyuma yake. Kanuni ya tatu inataja kifaa na kitu kinacholengwa kwa pamoja. Ikiwa vyote viwili vitaitwa shabaha, sentensi itakuwa mpaka shabaha iwe juu ya shabaha, na mwanafunzi hataambulia chochote.

Kilengeo (wingi vilengeo) huondoa utata huo. Neno limetokana na kulengea, yaani kulenga kwa kutumia kitu, likawekewa kiambishi ki- mwanzoni na -o mwishoni, kama egemea ilivyozaa kiegemeo. Kilenga shabaha nalo linaeleweka, lakini ni refu, na linakaribiana mno na mlenga shabaha, ambaye ni mtu.

Aina za vilengeo

Vilengeo vya kawaida ni viwili vinavyofanya kazi pamoja. Kilengeo cha mbele ni kijiti kifupi kilicho karibu na mdomo wa bastola. Kilengeo cha nyuma kina pengo katikati, na neno pengo, ambalo kila mtu analijua kutokana na meno, linafaa bila kuongezewa kitu. Mpigaji huona kijiti ndani ya pengo, kikiwa sawa kwa kimo na katikati kwa upana. Tafsiri ya vilengeo vya chuma si sahihi kila mara, maana bastola nyingi hutoka kiwandani zikiwa na vilengeo vya plastiki.

Vilengeo vya usiku ni vilengeo vya kawaida vilivyotiwa vichupa vidogo vya gesi ya tritiumu. Miale ya gesi hiyo hugonga dutu iliyopakwa ndani ya kichupa na kuifanya ing'ae, bila betri. Tritiumu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12.3 hivi, kwa hiyo vilengeo vyenye umri wa miaka 25 hubaki na takriban robo ya nguvu yake ya mwanzo. Anayenunua bastola iliyokwisha kutumika huangalia tarehe ya vilengeo hivyo.

Jina vilengeo vya usiku linapotosha katika jambo moja. Vifaa hivi humwonyesha mpigaji mahali vilengeo vyenyewe vilipo. Havimwonyeshi aliyesimama mbele yake. Kuviita vilengeo vya kuonea gizani ni kosa la maana, kwa sababu kuonea gizani ni kazi ya darubini maalumu ya usiku. Msomaji atakayeamini tafsiri hiyo ataamini kwamba ana uwezo wa kumtambua mtu gizani, ilhali hana.

Kilengeo cha nukta ni kioo kidogo kinachokaa juu ya bastola. Taa ndogo ndani yake hurusha nuru kwenye kioo, nayo hurudi jichoni kama nukta, mara nyingi nyekundu, wakati mwingine kijani. Faida yake ni kwamba jicho hutazama kinacholengwa tu, na nukta huonekana kama iko mbali vilevile. Kwa watu waliofikia umri ambao kijiti cha mbele huonekana kimefifia, hiyo ni nafuu kubwa. Hasara zake ni bei, betri, uwezekano wa kioo kupata matone ya mvua au ukungu, na muda wa mazoezi unaohitajika mpaka mkono uzoee kuileta nukta mbele ya jicho. Wenye kasoro ya umbo la konea huiona nukta ikiwa imetawanyika. Wengi huacha vilengeo vya kawaida vilivyorefushwa nyuma ya kioo, ili taa ikizimika wasibaki mikono mitupu.

Kilengeo cha nukta hakiitwi darubini. Darubini hukuza au huvuta karibu. Kifaa hiki hakifanyi lolote kati ya hayo.

Dakika ya pembe. Ukubwa wa nukta hupimwa kwa dakika ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii. Mfasiri asiyejua hesabu hiyo hudhani ni dakika ya saa. Katika umbali wa mita 100 dakika moja hufunika takriban sentimita 2.9. Kwa hiyo nukta ya dakika 3, katika umbali wa mita 10, hufunika upana usiofikia sentimita moja. Ya dakika 6 hufunika kama sentimita 1.7. Nukta kubwa huonekana upesi, ndogo hulenga kwa usahihi zaidi.

Leza

Leza ni neno lililokubalika, na huingia katika ngeli ya i-/zi-: leza hii, leza hizi. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California mwaka 1960. Katika bastola, leza hufungwa chini ya mtutu au kwenye mpini, nayo hutoa mwale mwembamba unaoacha nukta juu ya kitu kilicho mbele.

Mwale (wingi miale) ni mstari wa nuru. Mwali ni ulimi wa moto, na pia msichana aliyewekwa ndani akifundwa. Baadhi ya wasemaji husema miali ya jua, lakini katika maandishi ya kiufundi ni vyema kubaki na mwale.

Nukta ya leza na kilengeo cha nukta hazina budi kutofautishwa daima. Nukta ya leza hutoka nje na kutua juu ya kitu, na kila aliyepo anaweza kuiona. Nukta ya kilengeo hubaki kwenye kioo, na anayeiona ni mpigaji peke yake. Shahidi anaposema aliona nukta nyekundu kifuani mwa mtu, anazungumzia leza. Mkalimani akiandika kilengeo cha nukta, ameleta mahakamani kifaa ambacho kisingeweza kuonekana hivyo.

Leza nyekundu za bastola huwa na urefu wa wimbi wa takriban nanomita 635 hadi 650, na za kijani takriban 520 hadi 532. Jicho la mwanadamu mchana huhisi zaidi nuru iliyo karibu na nanomita 555, na ndiyo sababu kijani huonekana vizuri zaidi juani. Leza nyingi zinazouzwa kwa raia Marekani hazizidi miliwati 5, na hata hizo hazifai kuelekezwa machoni.

Kitenzi kinachofaa kwa leza ni kuonyesha: leza huonyesha mdomo wa bastola umeelekea wapi. Hailengi yenyewe. Aidha, kwa kuwa imefungwa sentimita chache kando ya mtutu, mwale wake na njia ya risasi hukutana tu katika umbali ambao kifaa kimerekebishiwa. Kurekebisha vilengeo, yaani kuvilinganisha na mahali risasi inapogonga kweli, ni hatua isiyoepukika kwa leza kama ilivyo kwa vilengeo vingine. Sentensi za matangazo zinazoahidi kwamba risasi itafika nukta ilipo zinahitaji nyongeza hii: katika umbali uliorekebishwa.

Taa, tochi na kurunzi

Taa ni jina la jumla. Tochi ni taa ya mkononi inayotumia betri. Kurunzi hutumika kwa tochi vilevile, na kwa taa kubwa ya kumulikia mbali. Kwa kifaa kinachofungwa chini ya mtutu, taa ya bastola ndiyo istilahi inayoeleweka bila maelezo, na tochi ya mkononi hutajwa inapohitajika kuvitenganisha.

Nuru ya taa hutajwa kwa vipimo viwili. Lumeni hupima jumla ya nuru inayotoka. Kandela hupima ukali wake katika upande mmoja. Taa mbili zenye lumeni sawa zinaweza kutofautiana sana: moja hutawanya nuru chumbani, nyingine huikusanya na kuifikisha mbali. Kutafsiri vipimo vyote viwili kwa neno mwangaza ni kumpotezea mnunuzi taarifa anayoihitaji. Nuru nyingi pia si faida kila mahali, kwani katika chumba chenye kuta nyeupe inaweza kumrudia mwenye taa machoni.

Kitenzi cha taa ni kumulika. Piga tochi husikika pia, lakini Tanzania kupigwa tochi humaanisha kupimwa mwendo wa gari na askari wa usalama barabarani. Kitenzi piga, zaidi ya hayo, ndicho kitumikacho kwa risasi. Katika maelezo ya tukio lenye bastola, alimpiga tochi ni usemi wa kuepukwa.

Kumulika ni kuelekeza

Nchini Kenya simu ndogo yenye tochi ilipewa jina la utani mulika mwizi. Jina hilo linaeleza vizuri kazi ya nuru: mwenye nyumba asikia kishindo, ammulika aliyeko uani, ajue kama ni mwizi au ni mtoto wake aliyechelewa kurudi. Akimmulika asiye mwizi, hakuna kilichoharibika.

Taa ya bastola hubadilisha maana ya tendo hilo. Kwa kuwa imefungwa sambamba na mtutu, kummulika mtu moja kwa moja ni kumwelekezea mdomo wa bastola. Mtoto aliyechelewa amemulikwa, na papo hapo ameelekezewa silaha yenye risasi. Kanuni ya pili iliyotajwa hapo juu imevunjwa kabla ya mwenye nyumba kujua anamtazama nani. Kwa sababu hiyo walimu wengi hushauri kwamba mwenye taa ya bastola awe pia na tochi ya mkononi kwa ajili ya kutafuta na kutambua, na kwamba taa ya bastola ibaki kwa hali ambayo silaha tayari ina sababu ya kuelekezwa. Nuru inayorudi kutoka dari au sakafu yaweza pia kutosha kumtambua mtu bila mdomo wa bastola kumfikia.

Hapa ndipo mfasiri anapobeba dhamana. Mwongozo unaosema Mulika chumba kwa taa ya bastola na ukaishia hapo umeficha nusu ya tendo. Tafsiri iliyo salama hutaja nusu ya pili: Kumbuka kwamba popote taa inapomulika ndipo mdomo wa bastola ulipoelekea.

Mahakamani jambo ni hilo hilo kwa upande mwingine. Sentensi tatu zifuatazo hazina uzito mmoja:

Alinimulika. Shahidi anaeleza nuru tu. Haijulikani kama ilitoka mkononi au kwenye bastola.

Alinielekezea bastola. Mdomo ulikuwa upande wake. Nia haijasemwa.

Alinilenga. Mtu alimkusudia kwa vilengeo au kwa jicho.

Mkalimani hapaswi kuchagua sentensi iliyo kali au iliyo pole kwa niaba ya shahidi. Pale ambapo shahidi ametumia neno lenye utata, njia ya haki ni kuomba ruhusa ya kumwuliza tena.

Lugha ya ushauri: mpangilio wa uchaguzi

Miongozo mingi huviweka vifaa hivi katika daraja, na tafsiri inapaswa kuhifadhi daraja hizo. Vilengeo vya kawaida vinavyoonekana vizuri huhesabiwa kuwa vya lazima, hivyo hufaa hana budi au ni lazima. Chanzo cha nuru hufuata, maana asiyemtambua mtu hana haki ya kumlenga. Hapo hufaa inapasa. Kilengeo cha nukta hupendekezwa kwa atakayefanya mazoezi, na leza huwekwa mwisho kama msaada. Kwa viwili hivyo inafaa au yaweza kusaidia yatosha. Kutumia ni lazima kwa vyote vinne ni kumwambia msomaji anunue asichokihitaji.

Miongozo hukumbusha pia kwamba kila nyongeza hubadili umbo la bastola. Bastola yenye taa haiingii katika ala iliyotengenezwa kwa bastola isiyo na taa. Ala, neno la zamani kwa mfuko wa kisu au upanga, lafaa kabisa hapa.

Makosa ya kawaida

Shabaha ya mbele imelegea. Bora: Kilengeo cha mbele kimelegea.

Vilengeo vya kuonea gizani, kwa vile vya tritiumu. Bora: vilengeo vya usiku, vinavyong'aa vyenyewe.

Darubini ya nukta nyekundu. Bora: kilengeo cha nukta nyekundu.

Leza ililenga ukuta. Bora: Nukta ya leza ilitua ukutani.

Nukta ya dakika tatu, bila maelezo. Bora: nukta yenye upana wa dakika 3 za pembe.

Alimpiga tochi ya bastola. Bora: Alimmulika kwa taa iliyofungwa kwenye bastola, mdomo wake ukiwa umemwelekea.

Tazama pia: ala, darubini, elekeza, jihami, kurunzi, lenga, mtutu, mulika, mwale, shabaha.